Filimbi ya Namba Mbili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetoka mkoani ukafika hapa na tope la barabara yetu kwenye viatu, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kiwanda, viongozi wa Chama na Serikali mliokaa mbele, na viongozi mliofika mkakuta mbele pamejaa, wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi mliosimama tangu asubuhi, akina mama wachumaji wa chai, ambao kwenye ratiba mmeandikwa mwisho ingawa shambani mnafika wa kwanza, na wewe Namba Mbili, uliyefunikwa turubai nyuma yangu kama bibi harusi: nawasalimu kwa salamu ya nyumbani. Mugonile.

Kuna sauti moja iliyonikuza. Mbili fupi, moja ndefu. Niliisikia nikiwa mgongoni mwa mama kabla sijajua kusema, na niliposoma hadi Chuo Kikuu, Mlimani, ilinifuata hukohuko. Siku moja nilikuwa nimesimama karibu na stesheni ya Dar es Salaam, gari moshi likapiga filimbi, nami nikainama nyuma ya gazeti langu mbele ya watu wote. Mwenzangu akaniuliza nimemwona nani. Nikamwambia sijamwona mtu. Nimeinama kwa niaba ya mama.

Hakuelewa. Leo nataka ninyi mwelewe, kwa sababu ndiyo historia niliyotumwa kuisema.

Ndugu Mwenyekiti Meshaki aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu Atupele, wewe umesoma historia. Tuandalie historia ya kichwa hiki cha gari moshi, siku tunapokizindua kuwa kumbukumbu. Iwe ya kuelimisha. Na usichekeshe watu, kuna mgeni." Ndugu Mwenyekiti, la kuelimisha nimejitahidi. Hilo la pili nimeiachia historia yenyewe iamue.

Kabla sijaendelea, niwaombe radhi kwa harufu ya moshi. Namwona Ndugu Mwenyekiti ameshawatuma vijana jikoni wakaulize nani anatumia kuni mbichi. Na huu weupe unaotambaa nyuma yangu, wageni wasiujali. Tukuyu hatuna sherehe isiyohudhuriwa na ukungu.

Namba Mbili ilitengenezwa Ulaya, ikafanya kazi kwanza kwenye mkonge kule Tanga, na ilipoanza kuchoka ikauzwa kwa shamba hili la Kyamba, enzi za mkoloni, kama ng'ombe ambaye mwenyewe anakusifia meno ili usitazame miguu. Reli yake ni nyembamba kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza anaivuka kwa hatua moja. Wageni wakiiona hucheka. Wasingecheka kama wangejua milima hii. Hapa kwetu hakuna nafasi ya kitu kipana; hata kwenye vijia vyetu watu wawili wakikutana, lazima mmoja aingie mgombani mwenzake apite. Lishikeni hilo la kupishana, maana tutalirudia.

Mtaniuliza, kama hii ni Namba Mbili, Namba Moja iko wapi? Nimeitafuta. Wazee wa hapa wana hakika kwamba Namba Moja alikuwa mke wa meneja, kwa kuwa hata meneja alikuwa anampisha.

Ililetwa kwa lori ikiwa vipande. Lori likakwama matopeni karibu na Kawetele, watu wakatoka mashambani, wakafunga kamba, wakavuta huku wakiimba. Kwa hiyo wanafunzi wangu, mkija kuulizwa, jibuni bila wasiwasi: kuna gari moshi moja duniani lililoanza kazi kwa kuvutwa na abiria. Likaunganishwa hapahapa, likawekewa reli kutoka juu shambani hadi kiwandani, likaanza kushusha majani mabichi ya chai na kuni za mikaratusi.

Dereva wake alikuwa Mzee Ambindwile, babu yangu mzaa baba. Alikuwa ametoka migodini, Rodeshia ya Kaskazini, alikojifunza kuchochea moto wa boila na kuvaa kofia upande. Mimi ananiita mke wake, nami namwita mume wangu mvivu, na hakuna anayeshangaa, maana kati ya babu na mjukuu utani ni ruhusa. Lakini kati ya mzee na mke wa mwanawe, hapo ndipo hotuba yangu inapoanza kupanda mlima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua huko kwenu mna desturi zenu, na nyingine hamzisemi mbele ya wageni. Hapa Rungwe, kwa sisi tulioshika ya wazee, mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hakai naye mahali pamoja. Akimwona kwa mbali anaingia mgombani hadi mzee apite. Mzee naye, akiwa wa kwanza kumwona, anageuka na kukohoa. Mchungaji ameihubiri sana desturi hii kwamba imepitwa na wakati, na akina mama wanamsikiliza kwa makini kabisa, mradi baba mkwe awe ameketi ibada nyingine. Msidhani ni chuki. Mkamwana humpikia baba mkwe miaka na miaka, na baba mkwe humnunulia kanga bila kujua kama ni mrefu au mfupi. Ni heshima iliyokua ikakua hadi ikafumba macho.

Mama yangu, Veronika, ni yule aliyeketi mstari wa mbele, mwenye kitambaa cha njano, ambaye sasa hivi anatamani nisimtaje. Aliolewa akitokea Suma, na muda si mrefu akaandikwa kuchuma chai hapa. Asubuhi moja ya ukungu alikuwa anavuka reli, kapu mgongoni, Namba Mbili ikachomoza kwenye kona. Mama akamwona dereva. Dereva akamwona mkamwana. Nawauliza mafundi mliopo hapa: katika hali hiyo dereva afanye nini? Mtaniambia ashike breki. Babu yangu aliachia kila kitu, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Mama alijitupa mtaroni, na ndiyo maana mimi nipo. Namba Mbili, ikiwa haina wa kuitazamia njia, ilishuka mteremko, ikapita mizani, ikampita karani wa mizani aliyekuwa ameshakimbia, ikaingia ghalani kupitia ukutani. Ukuta ule pale una matofali ya rangi mbili. Miaka yote mmedhani ni urembo.

Meneja akaja mbio. Akina mama walimwita Bwana Saa, kwa sababu alitazama saa yake kuliko alivyotazama watu.

"Ambindwile, ulikuwa umelala?"

"Hapana, Bwana. Nilikuwa macho kabisa."

"Sasa kwa nini ulifunika uso?"

"Kwa heshima, Bwana."

"Heshima kwa ukuta?"

Babu akamtazama nyapara. Ikabidi nyapara aeleze, na alieleza kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono nani hamtazami nani. Bwana Saa alikuwa mtu wa kuelewa jambo lolote mradi limegeuzwa kuwa kanuni. Siku ya pili kikasimamishwa kibao kabla ya kona, na dereva akaamriwa akifika hapo apige filimbi, mbili fupi na moja ndefu, kila safari, bila kukosa. Katika maelezo ya kanuni meneja alisema ni kwa ajili ya kufukuza ng'ombe. Hatukumlaumu. Angeandikaje kwa wakubwa zake kule Ulaya?

Ndivyo filimbi ilivyoanza. Mbili fupi zilisema, mwanangu. Moja ndefu ilisema, napita. Mama alikuwa akiisikia anainama chini ya michai, Namba Mbili inapita ikikohoa, dereva ametazama upande wa mlima, kisha mama anainuka na kuendelea na kazi. Heshima ikatimia, na ukuta ukapona.

Lakini akina mama wa Kyamba si watu wa kuona jambo jema likimfaidi mmoja. Waliokuwa wakichuma karibu na mama waligundua kwamba filimbi ikilia, Veronika anapata kukaa chini kidogo na kunyoosha mgongo, na nyapara hasemi neno. Siku ya pili wakainama watatu. Wiki iliyofuata ukainama mstari mzima. Mwisho ikawa filimbi ikilia, shamba lote linatulia kama hakuna mtu, makapu tu yanaonekana juu ya michai.

Bwana Saa alisimama juu ya ukuta wa ghala akaangalia jambo hili.

"Wamekwenda wapi wote?"

"Wamejificha, Bwana," nyapara akajibu. "Ni wakamwana wa dereva."

"Wote?"

"Wote, Bwana."

"Ambindwile ana watoto wangapi wa kiume?"

"Wanne, Bwana."

Bwana Saa akatazama shamba, akatazama saa yake. "Na hawa wanawake wote?"

"Ni mzee anayeheshimika sana, Bwana."

Nawaona mnacheka, akina mama, na baadhi yenu mnaficha nyuso kwa mazoea. Ndugu Mwenyekiti, ninyamaze kidogo wamalize?

Haya. Kuna jambo la pili ambalo halikuwa kwenye kanuni. Pale konani, kando ya reli, kuna jiwe bapa. Mama yangu alianza kuacha pale kifurushi cha jani la mgomba, ndani yake ndizi zilizopikwa na maharage, zile tunazoziita mbalaga, zikiwa bado na moto. Namba Mbili ikifika konani inasimama. Dereva anashuka, anachukua, anapanda, anapiga filimbi moja fupi sana, karibu kama mtu anayesafisha koo. Hiyo ilikuwa asante. Bwana Saa akauliza kwa nini gari linasimama pale. Babu akamwambia, "Boila inapumua, Bwana." Ikaandikwa kwenye kanuni kwamba pale ni mahali pa boila kupumua.

Nimesema haya kwa mzaha, lakini mimi mwenyewe, nikiwa mtoto nimekaa chini ya michai kando ya mama, nilikuwa namtazama uso wake filimbi ile fupi inapolia. Hakuwahi kumwona mzee huyu akicheka. Hakujua kwamba jino lake moja la mbele halipo. Alimjua kwa sauti tu, na alimjua vizuri kuliko mimi niliyekuwa nakaa mapajani mwake. Filimbi ikilia kwa uzito mama alisema, "Leo baba kifua kinambana, jioni mpelekee uji." Naye babu, nikifika na uji, alisema, "Mama yako leo ameweka chumvi mbili. Ana mawazo gani?" Maisha yao yote waliongea hivyo, kwa mvuke na chumvi.

Uhuru ulipofika, siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, babu alifika kwenye kibao akapiga mbili fupi, akaanza ile ndefu, na hakuiachia. Aliipiga hadi Lufingo wakasikia. Aliipiga kwa ajili ya migodi, kwa ajili ya Bwana Saa, kwa ajili ya kila alichowahi kuitikia "Ndiyo, Bwana". Mvuke ukamalizika. Namba Mbili ikasimama konani kimya, ikawa haiwezi kwenda mbele wala nyuma hadi maji yachemke tena. Na kwa kuwa filimbi ilikuwa haijasema napita ikapita, akina mama nao hawakuweza kuinuka. Walikaa chini ya michai wakisubiri, na mvua ikawanyeshea. Nchi nzima ilikuwa inatembea kifua mbele, na mama yangu alianza uhuru wake amejikunyata chini ya mti wa chai, anacheka mpaka machozi. Alipoulizwa baadaye uhuru ulikuwaje, alisema, "Ulikuwa mrefu, na ulitulowesha."

Kisha likaja Azimio, shamba likawa letu. Bwana Saa akaondoka na saa yake, ikaja Kamati ya kwanza, na Kamati ikaamua kuongeza uzalishaji. Ndugu mmoja, simtaji kwa kuwa yuko hapa na nimeomba lifti ya gari lake, aliwakusanya akina mama akawaambia kwamba kujificha filimbi ikilia ni mabaki ya unyonyaji. "Sasa sisi sote ni ndugu," akasema. "Hakuna tena mkubwa na mdogo. Nani hapa bado ni mkamwana wa dereva?"

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Ndugu kiongozi, umesema sote ni ndugu?"

"Sote."

"Basi Veronika ni ndugu yangu."

"Naam."

"Basi mkwe wake ni mkwe wangu. Nisipojificha, nitakuwa nimemsaliti ndugu yangu."

Kiongozi akatazama karatasi yake. Akaigeuza upande wa pili. Namfahamu mama huyo. Hakusoma hata darasa moja, lakini siku hiyo siasa aliielewa kuliko aliyetumwa kuifundisha. Kujificha kukaendelea, safari hii kwa misingi ya Azimio.

Mheshimiwa, sasa nafika mahali ambapo hata mimi mcheko unanipungukia.

Lori likaja. Lilibeba majani zaidi, halikula kuni, na honi yake ilikuwa ya kumfokea kila mtu bila ubaguzi. Namba Mbili ikaingizwa bandani. Babu akavua kofia akarudi nyumbani. Wakati huohuo ikaja amri ya kuishi pamoja vijijini, na kijiji chetu kikapimwa. Zamani kwetu baba na wanawe waliooa hawakujenga mahali pamoja, na sababu mmeshaielewa. Bwana mpimaji alikuja na kamba na vigingi, akanyoosha mistari miwili ya nyumba, mlango ukitazamana na mlango, safi kabisa, ikapigwa picha. Nyumba ya Mzee Ambindwile ikaangukia upande huu. Nyumba ya Veronika ikaangukia upande ule. Mlango kwa mlango. Baba yangu yuko kwenye kazi za ile reli kubwa huko Mbeya, hakuwepo hata kukohoa.

Basi babu akifungua mlango, mama anafunga wake. Mama akitaka kwenda kisimani, babu anatakiwa arudi ndani. Kwenye kijia cha zamani kulikuwa na mgomba wa kujificha. Kwenye mstari ulionyooka hakuna kitu. Nikawaomba viongozi wa kijiji wahamishe mlango mmoja uwe nyuma ya nyumba. Nikajibiwa kwamba haiwezekani, mlango umeshatokea kwenye picha. Babu akajaribu kengele ya baiskeli, lakini watoto wa jirani wote wana kengele. Akajaribu kukohoa, na kikohozi cha kusingizia kikawa cha kweli. Mwisho akaamua mwenyewe kwamba yeye ni mzee, hana pa kwenda, na mkamwana wake ana kazi. Akaacha kutoka. Ni mwaka wa pili sasa. Chakula nakipeleka mimi, na jana aliniambia, "Mke wangu, hivi ile mikaratusi ya konani bado ipo?" Anaweza kutembea. Macho yanaona. Mikaratusi iko mwendo mfupi kutoka mlangoni pake.

Sasa wageni mtaelewa kwa nini kuna kiti kitupu pale mbele. Kamati, kwa wema kabisa, iliamua leo watunukiwe watu wawili: dereva wa Namba Mbili na mchumaji aliyedumu kuliko wote. Ndugu Mwenyekiti, ambaye ni mwenyeji wa mbali na anatupenda, alipanga viti mwenyewe. Akaviweka jirani, bega kwa bega, akaweka na soda mbili juu ya kimeza kimoja. Tangu asubuhi ananiuliza kwa nini Mzee Ambindwile amechelewa. Ndugu Mwenyekiti, ungemweka mzee juu ya moto angekaa kwa raha zaidi kuliko kwenye kiti kile.

Na Kamati iliamua jambo lingine. Namba Mbili ibaki hapa juu ya kipande cha reli kilichohifadhiwa, kutoka mahali hapa hadi kona ya jiwe, ipakwe rangi, watu wapige picha. Filimbi ifunguliwe, ing'arishwe, igongomewe kwenye ubao wa mninga, na akabidhiwe Mgeni Rasmi aitundike ofisini kwake. Ndilo lile boksi mezani, Mheshimiwa, lenye utepe wa kijani. Ni zawadi ya heshima, na ubao ni mzuri. Fundi Sadalla wa pale mjini, ambaye baba yake alipanda milima hii na biashara kutoka pwani na hakuona sababu ya kushuka tena, aliukwangua kwa siku nyingi.

Nilipomwambia mama habari ya zawadi hiyo alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini. Hakulalamika, hajui kulalamika mbele yangu. Aliuliza tu, "Sasa baba atapitaje?"

Nilisoma historia miaka mitatu na sikuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Tunahifadhi chuma, tunakipaka rangi, tunakiondolea sauti yake, halafu tunasema tumekumbuka. Tumekumbuka nini? Kilichofanya kazi hapa kilikuwa ni ule mvuke kidogo uliowawezesha watu wawili kuheshimiana bila mmoja wao kufungiwa ndani.

Kwa hiyo niseme lililobaki, na nitalisema polepole ili Ndugu Mwenyekiti aliandike vizuri.

Kamati ilitoa idhini kwa maneno yake yenyewe kwamba Namba Mbili isafishwe ndani na nje. Fundi Sadalla ni Mwislamu safi, anajua kutawadha. Aliniambia kitu hakisafishiki ndani kwa maji baridi. Akaikagua boila wiki nzima, bomba kwa bomba, valvu kwa valvu, kisha akaniambia, "Mwalimu, bibi huyu ana nguvu kuliko mimi. Mwashie moto." Tukawasha alfajiri. Harufu mnayoisikia haitoki jikoni, na wale vijana waliotumwa huko nawaombea radhi kwa wapishi. Na ule weupe nyuma yangu niliosema ni ukungu, Mheshimiwa, haikuwa kweli. Leo hakuna ukungu.

Boksi lile halina filimbi. Nimeitoa mwenyewe, nikaifunga mahali pake kwa spana ya Fundi Sadalla, na mikono yangu bado ina masizi, ndiyo maana nimeificha nyuma muda wote huu. Ndani ya boksi, chini ya utepe, kuna kifurushi cha jani la mgomba. Mama amekipika asubuhi bila kuambiwa ni cha nani. Nilimwambia tu kwamba kuna mzee anayestahili. Nadhani chumvi ni moja. Usikitundike ofisini, Mheshimiwa, kile leo kiliwe.

Siombi ruhusa ya leo, kwa sababu ya leo nimeshaitumia. Naomba ya Jumamosi zijazo, siku za gulio: moto kidogo, kuni chache za mikaratusi, safari moja kutoka hapa hadi konani. Reli haifiki mlangoni kwa babu, lakini sauti inafika. Itakapolia, akina mama watajua, na mzee mmoja atatoka nje. Kama hilo linahitaji mkutano, kutaneni. Kama linahitaji adhabu, nyumba yangu mnaijua, iko kwenye mstari, imepigwa picha.

Mzee Ambindwile hajachelewa, Ndugu Mwenyekiti. Yuko chini ya turubai tangu kabla ya jogoo, amevaa kofia yake upande, na ametazama upande wa mlima. Nilimpitisha kwa nyuma ya kijiji mama akiwa bado amelala.

Kwa kunivumilia hadi hapa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi, wazee wangu na wanafunzi, nawashukuru; masikio yenu mmenipa vizuri, msiyarudishe nyumbani mapema. Akina mama wa Kyamba, ndaga fijo, asanteni sana, nanyi mnajua la kufanya. Vijana, vuteni turubai.

Mama, inuka taratibu, ugeuze uso. Baba anapita.